Kuku wa mayai anakaa chini asubuhi, hasimami: tazama chokaa, kisha tazama fito

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nafuga kuku wa mayai 300 hapa Buswelu, Mwanza, wana wiki 52. Tangu miezi miwili iliyopita nachanganya chakula mwenyewe: katika kilo 100 naweka chokaa ya mifugo kilo 4, mifupa ya kusaga kilo 2, dagaa kilo 10, zinazobaki ni pumba za mahindi na mashudu. Kila baada ya siku chache nakuta kuku amekaa chini asubuhi, miguu haina nguvu, lakini macho ni makavu na akisogezewa chakula anakula. Wengine wanakufa na yai tumboni. Niliyemchinja kidari chake (mfupa wa katikati ya kifua) kilikuwa kimepinda na kina nundu. Maganda ndiyo kwanza yameanza kuwa mepesi. Banda lina fito za mirunda za kulalia kuku, ya juu inanifika begani. Jirani anasema ni mahepe (ugonjwa wa Marek). Nimewapa antibayotiki ya oksitetrasaikilini, sioni nafuu. Nifanyeje? (Mama mfugaji, Buswelu)

JIBU: Salama, mama. Kwa maelezo yako sioni mahepe. Mahepe huwapata zaidi kuku wadogo kuliko hao, na mara nyingi kuku hulala mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Kideri (Newcastle) nacho kingekuletea kinyesi cha kijani, shingo kupinda na vifo vya mkupuo. Wako wana hamu ya kula, wanaanguka mmoja mmoja, tena asubuhi. Hao mifupa imeisha nguvu.

Ganda la yai moja lina gramu 2 hivi za kalsiamu, na sehemu kubwa hutengenezwa usiku, kuku akiwa amelala na hali kitu. Kabla ya kuanza kutaga, mwili wake huweka akiba ya kalsiamu ndani ya mifupa, hasa ya miguu, na usiku huchota humo. Chakula kisiporudisha kilichochotwa, mwili unaanza kula mfupa wenyewe. Ndiyo maana maganda mazuri yanadanganya: kuku hulinda yai kwanza, mifupa baadaye. Ganda likianza kuwa jepesi, ujue mifupa ilishadhoofika.

Tupige hesabu ya mchanganyiko wako. Chokaa nzuri ina kalsiamu kama asilimia 38, kwa hiyo kilo 4 zinakupa kilo 1.5. Ongeza ya mifupa na dagaa, unafika asilimia 2.3 hivi ya chakula chote. Kuku anayekula gramu 120 kwa siku anapata gramu 2.8, na mwili wake hutumia kama nusu tu. Anadaiwa kila siku! Lenga asilimia 4 kwa umri huo, yaani chokaa kilo 8 hadi 9 kwa kila kilo 100, ukipunguza pumba.

Nusu ya chokaa hiyo isiwe unga. Unga hupita haraka. Punje za milimita 2 hadi 4 hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku, saa zile zile ganda linapojengwa. Magamba ya konokono wa ziwani yaliyooshwa na kupondwa yanafaa sana. Wape punje hizo jioni. Na premiksi, yaani mchanganyiko wa vitamini na madini, sikuiona kwenye orodha yako: bila vitamini D3 kalsiamu hainyonywi, hata ungeweka gunia zima. Dagaa nao, ukinunua soko la Mwaloni pale Kirumba, chota kiganja uloweke kwenye maji uone mchanga unaobaki chini. Wengi wetu tunalipia mchanga kwa bei ya dagaa.

Lakini chokaa haitamaliza tatizo la kidari. Kwenye mashamba ya Ulaya yenye chakula kilichopimwa kitaalamu, makundi mengi hukutwa zaidi ya nusu ya kuku wamevunjika kidari kufikia mwisho wa kutaga. Kuku wa kizimbani mifupa yake hulegea kwa kukosa mazoezi. Wa banda huria ana mifupa imara zaidi, ila huanguka na kujigonga. Fito ya begani ni juu mno. Ishushe ifike magotini, uweke ubao wa mteremko wa kupandia, na mirunda myembamba ya mviringo ubadilishe kwa fito pana, bapa juu, zisizo na kona kali.

Kuwapima ni rahisi. Usiku, taa hafifu, mshike kuku kifuani, pitisha kidole gumba na cha shahada juu ya kidari kuanzia mbele hadi ncha ya nyuma. Kinatakiwa kinyooke. Nundu ngumu ni mvunjiko uliopona. Ncha inayocheza au kuvimba ni mvunjiko mbichi. Mara nyingi huvunjikia huko nyuma. Pima 30 wa sehemu tofauti, uandike. Na si jambo la sura tu: watafiti wamewapa kuku wa namna hiyo dawa ya maumivu, wakatembea vizuri zaidi. Maana yake walikuwa wanaumwa kimyakimya.

Anayeanguka mtoe mara moja, mweke peke yake kwenye maranda makavu, maji na chakula viwe karibu na mdomo, pamoja na punje za chokaa. Akiwahiwa, wengi husimama ndani ya siku chache. Aliyevunjika mguu au uti wa mgongo usimtese, mchinje, ila kwa sababu ya dawa uliyowapa asiliwe kabla ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti kuisha. Siku ya kuwauza usikubali mnunuzi awabebe watatu watatu kwa mguu mmoja. Mifupa hiyo huvunjika mkononi.

Oksitetrasaikilini iache. Haitibu hili, na hujishika na kalsiamu tumboni. Mayai nayo usiyauze wala msiyale nyumbani mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti zipite.