Mleta mada, usibadili lenzi ndani ya gari. Nakuomba.

Umeandika kwamba unakwenda Ndutu, kule nyanda za mpakani mwa Ngorongoro na Serengeti, Februari kupiga picha nyumbu wakizaa, una kamera moja na lenzi tatu, na utakuwa "unabadili kadiri tukio litakavyotaka". Nilikuwa nakunywa chai, nikaweka kikombe chini. Halafu kuna mchangiaji hapo juu akaja kumalizia: eti vumbi likiingia ndani ya kamera, futa na pamba ya masikio na spiriti kidogo. Ndugu yangu wa pamba, sijui aliyekufundisha ni nani, ila nahisi ni yuleyule aliyenifundisha mimi.

Mkuu, ukitoka lodge asubuhi funga lenzi moja kwenye kamera, na hiyohiyo ikae mpaka usiku ukiwa chumbani, madirisha yamefungwa, feni imezimwa. Hata simba akija kulala kwenye boneti, hiyohiyo. Ukishindwa kumwingiza simba mzima kwenye picha, piga sikio.

Yaliyonikuta ni haya. Februari 2022 nilipata kazi ya picha 12 za kalenda ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Wakanipa nusu ya malipo mkononi, 1,200,000. Nikajiona nimefika. Nikaazima lenzi ndefu kwa rafiki, zangu mbili nikazitia begini, nikachangia gari na wenzangu watatu kutoka Karatu. Tumepanda Ngorongoro, tumepita ukingo wa kreta kwenye baridi na ukungu, tumeshuka upande wa pili kuelekea Olduvai. Aliyepita ile barabara anaijua: ni makorongo na mtikisiko mwanzo mwisho, na gari likikupishana unafunga kioo kwanza ndipo unaendelea na maongezi.

Baada ya kuiacha barabara kuu na kushika njia ya Ndutu tukawakuta twiga saba wametulia, nyuma yao wingu jeusi la mvua limening'inia juu ya uwanda mtupu. Mimi nina lenzi ndefu, naona shingo tu. Nikawaza, sekunde kumi hizi zina nini? Paa la gari liko wazi, nikachomoa lenzi, nikaishika kamera ikiwa inatazama juu mdomo wazi kama kifaranga anayesubiri kulishwa, nikaanza kupapasa nyingine begini. Muda huohuo gari la watalii likatupita kwa kasi.

Sikuona kitu. Nikafunga lenzi, nikapiga twiga wangu, nikafurahi sana.

Sasa elewa lile vumbi ni la aina gani. Zile nyanda za majani mafupi zimekaa juu ya majivu ya volkano, yaliyotoka milima ya Ngorongoro na Ol Doinyo Lengai zama hizo. Majivu yameganda chini yakawa tabaka gumu, ndiyo maana miti haina nafasi pale, na nyasi zake zina madini ambayo nyumbu mwenye mimba na anayenyonyesha anayahitaji. Kwa hiyo kinachowaleta nyumbu kuzaa Ndutu ndicho kilichoua kamera yangu. Karibu na Olduvai kuna lile lundo la mchanga mweusi linalohamahama kwa upepo. Dereva wetu alichota konzi ya mchanga akaurusha juu, ukarudi ukajikusanya, kwa sababu una sumaku. Tulipiga makofi. Nilipiga makofi na mimi, na nusu ya mchanga wa aina hiyo nilikuwa nao tayari ndani ya kamera.

Usiku nikazikagua picha kwenye kompyuta. Mbinguni kuna madoa. Picha ya kwanza, ya pili, ya hamsini, yako palepale. Nilichokuwa sijui, na wewe ujue leo: ukipiga na tundu kubwa la lenzi, f/2.8 au f/4, uchafu wa sensa, kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea picha, karibu hauonekani. Ukibana tundu, f/11, f/16, ndipo unajitokeza mmoja mmoja. Mimi mandhari yote nilipiga f/16, maana nilisoma mahali kwamba ndivyo wakubwa wanavyofanya. Sensa ya kamera yangu ilifanyika miezi sita kabla ya ile ya watu na makazi, na kila punje ya vumbi ilihesabiwa pale ilipolala.

Na hapo bado nilikuwa sijaharibu kitu. Nisikilize vizuri hapa. Vumbi ni usumbufu, linasafishwa, tena madoa machache unayafuta kwenye programu ya picha kwa dakika mbili. Kilichonimaliza ni dawa.

Yule muuza kamera mjini, siku nanunua, nilimwuliza kabisa: kuna pampu ya mpira ya kupulizia vumbi, niichukue? Akacheka. "Usipoteze hela kaka, ukiona vumbi chukua pamba ya masikio, tia spiriti, pitisha taratibu." Kwa sauti ya daktari bingwa! Pampu yenyewe ilikuwa shilingi elfu kumi na tano. Mpaka leo sielewi mfanyabiashara gani anakataa kuuza kitu dukani kwake ili akupe ushauri wa bure wa kukuangamiza. Angenidanganya aninyang'anye hela ningemwelewa.

Basi, hemani, tochi mdomoni, nikapitisha taratibu. Yale majivu si unga, ni vipande vya mwamba. Pamba ikayakokota juu ya kile kioo chembamba kinachofunika sensa. Nilisikia. Sauti ndogo kama panya anatafuna karatasi, nikajiambia ni hema linapigwa na upepo. Nikaongeza spiriti, nikapuliza na mdomo ili ikauke, kwa hiyo mate nayo yakaingia.

Asubuhi tulimpata duma na watoto wanne, amekaa juu ya kichuguu, jua linachomoza nyuma yake. Ndutu iko ndani ya eneo la hifadhi ya Ngorongoro, na wakati ule kulikuwa na sehemu gari liliruhusiwa kutoka barabarani msimu huo wa mwaka, tofauti na ukishaingia Serengeti yenyewe. Tulisogea mpaka nikahesabu masharubu. Nikapiga picha mia nne. Zote zina mstari uliolala kwa mshazari kutoka kona ya juu hadi katikati, na utando wa ukungu upande wa kulia. Kwenye picha nzuri kuliko zote mstari unapita jichoni.

Siku mbili zilizobaki niliendelea kupiga. Ningefanya nini, nishuke nikawaombe radhi nyumbu?

Mwenyekiti wa kile chama ni mzee mpole sana. Nilimpelekea zile zilizokuwa afadhali. Akaziangalia moja moja, akavua miwani, akaniuliza: "Kijana, hawa tai mbona hawasogei?" Nilirudisha ile 1,200,000 kwa awamu tatu. Fundi akaniambia kioo kimekwaruzika, inabadilishwa sensa nzima, 1,900,000, na kamera yenyewe nilinunua mtumba kwa 2,600,000. Rafiki wa lenzi sikumwambia. Kama unasoma hapa, lenzi yako haikuguswa.

Najua utaniuliza, sasa nikitaka picha pana? Toa simu. Simu yako ya sasa inapiga wingu na twiga vizuri tu. Au kodi mwili wa pili wa kamera kwa siku za safari, huku lenzi ndefu, huku fupi, hakuna kinachofunguliwa. Lenzi ya tatu iache nyumbani imlinde mama watoto. Na kamera ikiwa haina kazi ifunike kwa kanga au kanzu kuukuu, kwa sababu lenzi zinazorefuka ukivuta picha nazo zinavuta hewa na vumbi lake.

Usiku chumbani, ikibidi kufungua: zima kamera kwanza, maana baadhi ya hizi zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) zinashusha pazia la kufunika sensa ukizizima, ielekeze chini, lenzi nyingine iwe tayari mkononi. Kujipima, piga ukuta mweupe au mbingu kwa f/16 ukiwa umevuruga fokasi makusudi. Ukiona madoa, pampu ya mpira, kamera ikitazama chini. Yasipotoka, yaache. YAACHE. Rudi mjini ukampe anayejua kusafisha. Tai wanafutika, mkwaruzo haufutiki.

Ulichouliza kuhusu lenzi ya milimita 100-400, inatosha. Beba na kilo mbili za maharage kwenye mfuko wa kitambaa, uweke juu ya paa uegemeze lenzi, na umwombe dereva azime injini. Siku ya mwisho mnayapika.

Na wewe wa pamba na spiriti, hariri ule ujumbe wako kabla mleta mada hajatoka kazini.