Yule wa Mabawa ya Popo Si Musidora

Juzi nimeletewa rasimu ya karatasi ya kuwagawia watazamaji wa onyesho letu la filamu. Juu kuna picha ya mwanamke aliyetandaza mabawa ya popo, na chini yake mtu kaandika bila wasiwasi wowote: "Musidora akiwa Irma Vep, Les Vampires, 1915." Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Kisha nikanyamaza, maana mtu wa kwanza kuandika maneno hayo hapa kwetu ni mimi, na yalitolewa nakala mia mbili.

Basi wadogo zangu mliojiunga muhula huu na meza ya filamu za kimya, kaeni kitako. Onyesho la Musidora, mwigizaji Mfaransa wa enzi ya kimya aliyekuwa Irma Vep, mwizi wa kike wa filamu ya mfululizo Les Vampires, ni mwezi ujao, na naona mnayaokota makosa yangu moja baada ya jingine kama watoto chini ya mwembe wa jirani.

1. Jina. Musidora ni jina la jukwaani, alilolitoa kwenye Fortunio, riwaya ya Théophile Gautier. Kwao aliitwa Jeanne Roques, mzaliwa wa Paris, 1889. Msiandike "Bi Dora". Kuna mtu aliandika, na anajijua.

2. Hakuanzia Les Vampires. Mwaka 1914 alicheza Les Misères de l'aiguille, filamu ya ushirika wa wafanyakazi ulioitwa Cinéma du Peuple, inayohusu masaibu ya wanawake washonaji. Nyote mnakimbilia lile vazi jeusi, mnasahau kwamba kabla ya kuwa malkia wa wezi alishika sindano kwanza. Louis Feuillade, mwongozaji wa Les Vampires kutoka kampuni ya filamu ya Gaumont, alimwona akicheza Folies Bergère, ukumbi wa burudani wa Paris, akamchukua. Na filamu za Fantômas ni za Feuillade, sawa, lakini humo Musidora hayumo. Msimpachike.

3. Les Vampires si wanyonya damu. Ni genge la wezi na wauaji, wanapanda mapaa ya Paris usiku, wanatia watu sumu, wanaiba vito. Hakuna shingo inayong'atwa. Mwaka juzi tuliandika "Wanyonya Damu" kwenye tangazo, tukajaza ukumbi wa vijana waliokuja kutishwa. Kufika nusu saa wanauliza meno yako wapi. Mmoja alidai nauli yake ya daladala. Sasa naona kuna mwenzenu amependekeza "Mumiani wa Paris". Najua mnadhani mnachekesha. Nyinyi ni watoto wa juzi. Bibi zenu waliwahi kulifungia mlango hilo neno, wakikimbia hata gari la zimamoto. Jina libaki kama lilivyo.

4. Picha. Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa karatasi hiyohiyo. Les Vampires ina sehemu 10, zote pamoja kama saa saba, na mimi nilikuwa na siku nne zenye mtihani katikati. Nikapiga hesabu ya mvivu: Irma Vep anaingia sehemu ya tatu, basi ya kwanza na ya pili za nini? Nikaanzia ya tatu. Nikamwona Guérande, mwandishi wa gazeti, amesimama nje ya kilabu cha Le Chat Huant akitazama bango la mwimbaji. IRMA VEP. Mara herufi zinaanza kutambaa zenyewe, zinapishana, zinajipanga upya: VAMPIRE. Nilirudisha nyuma mara tatu. Filamu ya mwaka 1915, vita imewachukua wanaume, na watu wamekaa wanachezesha herufi namna ile! Nikaona sasa mimi ni mtaalamu.

Kilichobaki ni picha. Zile za Musidora nilizozipata zilikuwa za vazi lake la hariri nyeusi lililombana kuanzia utosini hadi miguuni, usiku juu ya usiku, na printa yetu ya wakati ule ilizitoa kama doa la masizi ya sufuria. Katikati yake ikatokea picha moja safi kabisa: mwanamke, mabawa ya popo, jukwaa. Filamu ni Les Vampires, popo ni popo, nyota ni Musidora. Ningekoseaje? Nikaiweka, tena kubwa, ikala nusu ya ukurasa.

Usiku wa onyesho aliyepanga ratiba akaamua tuanze na sehemu ya pili. Nilikuwa mlangoni nagawa karatasi, kifua mbele. Taa zikazimwa. Kwenye kitambaa akatokea mcheza dansi yumo chumbani kwake anajiandaa, akaja bwana mmoja anayejiita mwinyi, amevaa pete. Pete ina sindano, sindano ina sumu. Dada akachomwa mkononi bila kuelewa, akapanda jukwaani na mabawa yaleyale ya karatasi yangu, akaanza kucheza, akapepesuka, akaanguka. Akafa. Msomaji wetu wa vibao vya maandishi ya filamu, ambaye sauti yake huijaza ile nyumba, akatamka jina lake: Marfa Koutiloff.

Nikaanza kuona simu zinawaka moja moja ukumbini. Watu wanamulika karatasi. Mtoto mmoja safu ya mbele akauliza kwa sauti, "Mama, Musidora ndiyo amekufa hivyo?" Sijawahi kuomba umeme ukatike kama nilivyouomba usiku ule, na kwa mara ya kwanza mwaka mzima haukukatika. Sehemu ya tatu ikaanza, akaingia Irma Vep mwenyewe: yale macho makubwa yaliyozungushiwa wanja mweusi. Sura nyingine kabisa. Ukumbi ukaguna.

Baadaye akanijia mzee mmoja aliyeendesha projekta ujanani mwake, karatasi ameikunja mara nne. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Huyu marehemu amefufukaje?"

Nikasema nitaangalia tena.

"Anaitwa nani aliyecheza marehemu?"

Sikujua. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili juu ya filamu ile na sikujua. Akatazama saa yake ya mkononi. "Nimeipima. Sehemu ile ni robo saa tu." Akanipa karatasi yangu, akaondoka.

Ndiyo sehemu fupi kuliko zote kumi. Robo saa. Ningeitazama nikila mihogo.

Anaitwa Stacia Napierkowska, mcheza dansi hasa, na mwaka 1921 alicheza malkia Antinea katika filamu ya L'Atlantide ya Jacques Feyder. Ana hadhi yake mwenyewe, na mimi nilimzika kwa jina la mwenzake. Karatasi zilizoachwa kwenye viti zilizidi mia moja. Kwa kuwa hatutupi karatasi, upande wa nyuma tuliutumia kwa rasimu mwaka mzima, kwa hiyo kila nilipogeuza ukurasa nilikutana na yale mabawa. Moja mwenzangu aliibandika juu ya birika. Ipo hadi leo. Mnaipita kila mkifuata chai, na bado mnaniletea picha ileile!

5. Picha nyingine za kuepuka: vazi likiwa la mpira unaong'aa, huyo ni Maggie Cheung, filamu ya Irma Vep ya 1996. Akiwa na mifupa ya mtu miguuni pake, huyo ni Theda Bara, mwigizaji Mmarekani.

6. Mwendo. Fremu 18, yaani picha 18, kwa sekunde. Mkiiacha mashine kwenye 24, filamu ya saa nzima inakwisha kwa dakika 45 na Musidora anatembea kama kuku aliyemwagiwa maji.

7. Maisha hayakuishia kwa Irma Vep. Naona rasimu zenu zote zinamfikisha 1916, risasi inalia, Irma Vep chini, kwisha habari. Jamani! Baada ya hapo kuna Judex, mfululizo mwingine wa Feuillade, ambamo yeye ni Diana Monti aliyejipenyeza nyumba ya watu kama mlezi wa mtoto. Halafu akashika kamera mwenyewe: Vicenta mwaka 1919, Pour Don Carlos mwaka 1921 na Soleil et ombre mwaka 1922 akiwa na Jacques Lasseyne, kisha La Tierra de los toros mwaka 1924, huko Hispania kwenye mafahali. Katika Soleil et ombre anacheza wanawake wawili. Mwanamke aongoze filamu miaka ile, kwa taabu na fedha zake, nanyi mnampa sentensi moja inayoanza na "pia"?

Na rafiki yake Colette, mwandishi wa riwaya, alimwandikia filamu ya La Flamme cachée. Mwenzenu mmoja amesema mandhari ya filamu hiyo "yanavutia sana". Filamu imepotea. Umeyaona wapi, mdogo wangu? Kama unayo nakala chini ya kitanda, tupigie simu Paris usiku huuhuu.

8. Uzee wake nao mwekeni. Miaka ya 1940 na 1950 alifanya kazi Cinémathèque française, hifadhi ya filamu ya Paris, kwa Henri Langlois, mmoja wa waanzilishi wake, akiwafuata wakongwe wa enzi ya kimya na kuandika kumbukumbu zao kabla hawajaondoka. Alifariki 1957. Kazi hiyo ndiyo hii yetu, ila yeye aliwahoji watu aliokuwa amesimama nao mbele ya kamera.

Rasimu mpya nizipate Alhamisi. Sehemu ya pili mtaitazama pamoja, Jumanne, mbele yangu, mihogo naleta mimi. Na wewe wa "Mumiani wa Paris", nimesikia tangazo umeshalibandika getini. Nenda ukalibandue kabla bibi anayeuza karanga hajafika.