Waulize Wachoraji: Mistari Inayotetemeka na Maboksi Yaliyopinda

SWALI: Ndugu mhariri, nachora mabango ya maduka. Herufi sina shida nazo, lakini mteja akitaka kreti za soda au friji pembeni ya maandishi, mistari inatetemeka na boksi linatoka limepinda. Nikitumia rula, picha inakuwa kavu. Nifanye mazoezi gani?
*Mchora mabango, Igoma, Mwanza*

JIBU: Fundi, rula iweke kando kwanza. Utaihitaji, ila ni kwa kukagua tu.

Mstari hutetemeka pale mkono unapokwenda polepole huku jicho likiusahihisha njiani. Kila sahihisho linaacha kipindo. Kwa hiyo amua yote kabla peni haijagusa karatasi. Tia nukta mbili zilizoachana sentimita 10 hivi. Zungusha karatasi mpaka njia kati yake ielekee upande ambao mkono wako unaupenda. Pitisha peni hewani juu ya nukta hizo mara tatu au nne, kisha ishushe na uchore kwa mwendo uleule, mara moja. Ukipitiliza, acha. Ukikosa nukta kwa milimita mbili, acha pia, kwa sababu kurudiarudia ndiko kunakouotesha mstari manyoya. Sisi tunaupendelea mstari ulionyooka ukakosa shabaha kuliko uliofika kwa kutambaa: shabaha hukaa sawa kadiri unavyozoea, lakini mkono uliozoea kutambaa ni kazi kuuachisha.

Mstari unaozidi sentimita 5 uchore kwa bega, mkono mzima ukienda. Ukiuzungushia kwenye kifundo cha mkono, peni itachora upinde hata kama hukukusudia. Jipime kwa mstari wa sentimita 15, kisha uwekee rula. Ukikuta umepinda upande uleule kila mara, kifundo bado kinafanya kazi ya bega.

Karatasi za fotokopi, A4 za gramu 80, zinatosha kabisa. Tumia makapeni nyembamba ya ncha ya milimita 0.5, au peni ya kawaida ukiikosa. Penseli hatuishauri hapa, kwani mwenye ufutio mkononi haamui. Daftari lenye mistari nalo liache, maana mistari yake itakushika mkono.

Sasa boksi lenyewe. Tia nukta ya kona iliyo karibu nawe kuliko zote, kisha toa mistari mitatu kama herufi Y. Pembe zote tatu kati ya mistari hiyo zizidi nyuzi 90. Hata moja ikiwa chini ya hapo, boksi halitaonekana la pembe mraba. Kutoka kila ncha toa mistari miwili kukamilisha nyuso tatu zinazoonekana, kisha malizia mitatu ya nyuma iliyojificha. Boksi lina kingo 12, nazo ni makundi matatu ya kingo nne nne. Kwenye boksi halisi kingo za kundi moja ni sambamba. Kwenye karatasi zinasogeleana kadiri zinavyokwenda mbali, zikielekea nukta moja ya kukutania, ambayo mara nyingi iko nje kabisa ya karatasi.

Wengi hukosea hapa: wanapochora ukingo, wanautazama jirani yake mmoja tu. Tazama yote ya kundi lake iliyokwisha kuchorwa. Usipofanya hivyo, makosa madogo yatajikusanya kwenye kona ya nyuma, na mistari mitatu ya mwisho itagoma kukutana. Ndiyo maana tunasisitiza uchore na ile iliyojificha. Kona ya nyuma haina adabu ya kumficha mtu.

Chora maboksi matano kwa ukurasa, ukurasa mmoja kwa siku, na usikague mpaka ukurasa ujae. Halafu chukua rula na peni tatu: nyekundu, bluu na kijani. Kila kundi lipe rangi yake na uirefushe mistari yake kutoka kona ya karibu kuelekea mbali. Ikikutana miwili mahali pamoja na miwili pengine, uliilinganisha kwa jozi. Ikiachana badala ya kusogeleana, ulichora upande wa mbali mkubwa kuliko wa karibu, na hilo ndilo kosa la kurekebisha kwanza kesho yake. Ikikutana karibu sana na boksi, picha itaonekana kama jicho limegusana na kreti. Kwa bango, nukta za mbali zinapendeza zaidi.

SWALI: Nachora nikiwa ufukweni. Upeo wa macho niuweke wapi ikiwa ng'ambo kuna vilima? Na nyumba za juu ya miamba, nikizichora nikiwa chini barabarani, zinaonekana zinaporomoka.
*Mwanafunzi, Nyegezi*

JIBU: Vilima vya ng'ambo si upeo wa macho, na kuchukua vilele vyake kuwa upeo ni kosa tunaloliona mara kwa mara kwenye picha za ghuba ya Mwanza. Upeo uko kwenye usawa wa macho yako. Ukiwa ufukweni, pale maji yanapogusa nchi kavu ya ng'ambo ni karibu sana na usawa huo, kwa hiyo anzia hapo. Ukipanda mwambani, upeo unapanda nawe. Jaribu pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba kwenye kreti zilizopangwa: iliyo chini ya macho inakuonyesha mdomo wake wa juu, iliyo juu ya macho inakuonyesha kitako, na iliyo sawasawa na macho haikuonyeshi chochote kati ya hivyo.

Nyumba zako zinaporomoka kwa kuwa umeufuata mteremko wa mlima. Mlima umeinama, lakini fundi alipima msingi kwa pima maji, kwa hiyo vizingiti vya madirisha na kingo za bati zilizolala vinaelekea kwenye upeo wa macho yako, kule chini ulikosimama. Vikiwa juu yako, vyote vinashuka vikienda mbali. Kila nyumba iliyogeukia upande wake ina nukta zake, lakini zote zimo kwenye mstari huohuo mmoja wa upeo. Barabara inayopanda ina ruhusa ya kukutania juu ya upeo.

SWALI: Mwanangu wa kidato cha pili anapenda kuchora wanyama kwa mtindo wa Tingatinga. Haya maboksi si yatamharibia mkono?
*Mama, Ilemela*

JIBU: Hayatamharibia, mama, ila hayahitaji yote. Mtindo ule, alioanzisha Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, hautafuti kina cha boksi; nguvu yake iko kwenye rangi iliyolala na mstari safi. Mpe zoezi la nukta mbili tu, dakika 10 kabla ya kuanza kuchora, na badala ya makapeni atumie brashi nyembamba. Rangi ya mafuta ikiwa nzito, mstari utakatika katikati hata mkono uwe mzuri namna gani. Aipunguze kwa thina kidogokidogo, akiijaribu pembeni kila mara.