Umeumia, lakini je, una kesi?

Nilikuwa na mashine ya kusaga Morogoro, foleni ya madebe haikatiki. Kisha jirani akasimika ya kwake hatua chache kutoka mlangoni kwangu, akashusha bei, na ndani ya miezi miwili wateja wote wakawa kwake. Nilikwenda kwa wakili nimebeba daftari la mauzo na hasira nyingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Amekuvunjia haki gani?"

Sikuwa na jibu. Akanisimulia kesi ya Gloucester, Uingereza, mwaka 1410. Walimu walishtaki kwa sababu mwenzao alifungua shule karibu yao, nao wakalazimika kushusha ada kutoka peni 40 hadi 12. Mahakama iliwakatalia: hasara ilikuwepo, lakini kushindana kibiashara si kosa. Niliumia kusikia hivyo, ila nashukuru aliniambia kabla sijalipa ada ya kufungua kesi.

Kuna na upande wa pili. Mtu akiingia kiwanjani kwako bila ruhusa amekukosea hata kama hakuvunja tawi, kwa sababu haki yenyewe imeguswa. Fidia inaweza kuwa ndogo, lakini kesi ipo.

Somo hilo nilikuja kulihitaji kweli mama alipoanguka. Mkandarasi alikuwa anachimba mtaro mtaani kwetu. Vibarua wakaondoka jioni bila kuweka utepe, taa wala hata tawi la mti la kuonya watu. Mama akitoka msikitini baada ya Isha akatumbukia, akavunjika mguu. Mjomba akasema, "Mwanangu, hakuna aliyekusudia. Ni ajali, tumwachie Mungu."

Namheshimu sana mjomba, lakini hapo alikosea, na najua wengi wanakosea hapohapo. Madai ya uzembe hayahitaji kusudio. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba mtu alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwako, hakuutimiza, na madhara yako yametokana na hilo. Anayeacha shimo wazi kwenye njia ya watu anajua kabisa kwamba usiku kuna atakayepita. Na vibarua wakizembea wakiwa kazini, aliyewaajiri ndiye wa kudaiwa.

Mkandarasi alitujibu kwamba hana mkataba na mama. Hoja hiyo ilikufa zamani. Mwaka 1928, huko Paisley, Scotland, Bi May Donoghue alikunywa soda ya tangawizi aliyonunuliwa na rafiki yake, na akadai kwamba kwenye chupa kulitoka mabaki ya konokono. Hakuwa na mkataba na yeyote, lakini mwaka 1932 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji. Sheria yetu ya makosa ya daawa, yaani yale unayodai fidia kwa aliyekukosea bila kuwa kesi ya jinai, imekua juu ya msingi huo wa Kiingereza, kwa hiyo konokono yule alimsaidia mama yangu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoteza haki zao. Piga picha usiku huohuo. Chukua PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kituoni. Andika majina na namba za walioshuhudia. Tunza kila risiti, ya dawa, ya bajaji, ya plasta, kwa sababu gharama ulizotumia lazima zithibitishwe moja moja. Maumivu ndiyo hakimu huyakadiria mwenyewe. Usiogope kwamba huna ushahidi wa kutosha kumfunga mtu, kwani hii si jinai. Inatosha madai yako yawe na uzito kuliko ya mwenzako.

Na hesabu siku. Tanzania, madai ya namna hii yana miaka 3 tangu tukio. Ukitaka kuishtaki serikali, sharti kwanza uipe notisi ya siku 90. Nimemwona mtu aliyegongwa na gari akisubiri ahadi za mwenye gari mpaka muda ukapita. Nilisikitika sana, maana kesi yake ilikuwa nzuri kuliko yetu.

Ya kwetu haikufika mahakamani. Mtaro ulifukiwa siku ya tatu, na mkandarasi akadai ulikuwa na utepe siku zote. Wakili akamtumia barua ya madai pamoja na zile picha za usiku. Alilipa matibabu yote na kuongeza fidia kidogo, na mama sasa anakwenda Isha na mkongojo.