Vitu vya Bibi Yako, Kabla Hujavipeleka kwa Mthamini

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama uvisafishe vitu vya bibi yako kabla ya kuvipeleka kwa mthamini wa vitu vya kale, na kama bei atakayokutajia ndiyo thamani yake hasa. Nakujibu leo leo, kabla hujashika kitambaa: usisafishe kitu. Vumbi lipanguse kwa brashi laini, basi.

Nasema haya kwa uchungu. Kile kikasha cha fedha kinachong'aa hivyo, mimi ndiye niliyekisugua. Tangu nikiwa kijana, kila mwaka, nilikaa nacho na dawa ya kung'arishia, nikidhani namfurahisha mama. Nilipokuja kukipeleka kwa mthamini, alikipindua, akaweka lenzi jichoni, akazitafuta chapa ambazo zingemweleza fundi, mji na mwaka. Akakuta 925 tu, nayo imefifia. Namba hiyo maana yake ni kwamba katika kila sehemu 1000 za madini yale, 925 ni fedha tupu. Jina la fundi nilishalifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Sarafu nayo iache na weusi wake. Umefurahi kuona imeandikwa 1780, lakini subiri kwanza. Yule mwanamke aliye kwenye sarafu ni Maria Theresa, aliyetawala Austria na kufariki mwaka huohuo. Wafanyabiashara wa nchi nyingi walikuwa wameizoea mno sarafu yake, hata ikaendelea kupigwa katika karne ya 19 na ya 20, mwaka ukiachwa uleule wa 1780, si Vienna tu bali hata Roma, London na Bombay. Mtaalamu huzitofautisha kwa vitu vidogo sana, kama bizimu ya joho lake na manyoya ya mkia wa tai aliye upande wa pili. Ndiyo maana nataka aione mtu anayejua sarafu, si mjuzi wa kila kitu.

Kuhusu bei, mwambie kwanza unaitaka ya nini. Ya bima ni gharama ya kununua kingine kama hicho dukani. Ya mnada ni ile ambayo mnunuzi angeitoa siku hiyo, na mara nyingi huwa chini sana. Ninyi mnataka kugawana, kwa hiyo vyote vipimwe kwa bei hiyo ya pili, ya soko, bila kuchanganya, la sivyo mmoja wenu atapunjwa na hamtajua. Mlipe kwa saa au kwa kazi, kamwe si kwa asilimia ya thamani, na akupe maandishi yenye sahihi. Akianza kusema "niuzie mimi," funga mzigo wako uondoke. Anayetaka kununua hawezi kukupimia kwa haki.

Lakini kuna kazi ambayo hakuna mthamini atakayekufanyia. Kabla ya yote nenda kwa shangazi yangu, kaa naye, rekodi kwa simu: nani alikileta kikasha, kutoka wapi, alipewa na nani. Ile picha ambayo bibi yako amekipakata, ichukue. Bahasha kuukuu iliyo chini ya sanduku usiitupe hata kama imeliwa na wadudu, ina risiti ndani. Karatasi kama hizo humsaidia mtaalamu kujua kitu kilipita mikono ya nani, na huweza kupandisha bei. Shangazi ana kumbukumbu nzuri bado, ila anachoka haraka, basi nenda asubuhi.

Tundu la sarafu mthamini atalihesabu kasoro, na kwa wakusanyaji ni kasoro kweli. Usilizibe. Mama alilitoboa ili niivae shingoni nilipokuwa najifunza kutembea. Liandike na hilo, uniweke mimi shahidi.

Mama yako