Gundi ya stika kwenye bodi ya gari

SWALI: Nimenunua gari lililokuwa matatu hapa Kisumu, nalifanya la familia. Ule mstari wa njano ulikuwa wa stika. Nimeubandua, ukatoka vipandevipande na gundi ikabaki. Sasa vumbi limeganda pamekuwa peusi. Jirani anasema nipige thina. Nifanyeje? – Msomaji, Kondele

JIBU: Thina usiiguse kwanza, ndugu yangu. Matatu nyingi zimepulizwa rangi upya gereji, na rangi hiyo si sawa na ya kiwandani. Ya kiwandani huokwa kwa joto ikakomaa. Ya gereji, hasa ile ya NC inayokauka upesi, huyeyushwa na thina hiyohiyo iliyochanganyiwa. Utaanza na gundi, umalizie na kung'arisha rangi.

Ukitaka kujua unayo ipi, tia tone la thina kwenye kitambaa cheupe, usugue kidogo chini kabisa ya mlango. Pimia upande wa nje, maana mafundi wengi hupuliza nje tu, ndani wakaacha rangi ya zamani. Kitambaa kikishika rangi, umeshajibiwa. Hata kisiposhika, bado anza na kilicho laini.

Osha kwa maji na sabuni mpaka vumbi liishe, kwani lina mchanga na litakwaruza. Vipande vya stika vilivyobaki vipashe kwa draya ya nywele, ukiisogezasogeza, kisha uvute polepole ukivirudisha nyuma juu ya vyenyewe. Sasa gundi: weka gari kivulini, lowesha kitambaa kwa mafuta ya kupikia, ukilaze juu yake dakika 15. Hapa ndipo watu hukosa subira. Ikiwa tayari, utaisikia ikiviringika chini ya kidole. Ikokote kwa kadi kuukuu ya plastiki, kisu hapana. Ikikaidi, rudia kwa mafuta taa, mbali na moto na mipira ya milango. Osha tena kwa sabuni.

Kwenye kioo, wembe na maji ya sabuni vinatosha, ila si ndani ya kioo cha nyuma chenye nyaya za kupasha joto. Taa za plastiki zisione thina wala petroli, zitapata nyufa.

Gundi ikiisha, huenda mstari ukaendelea kuonekana, uking'aa kuliko pembeni. Hiyo ni rangi ambayo jua halikuifikia. Usiisugue, piga kompaundi sehemu zilizopauka juu na chini yake, kisha polishi gari zima.