Bastola ya bei nafuu isiyokuangusha: niliyoyaona mimi na Canik huku kanda ya ziwa

Wadogo zangu mnaotaka kumiliki bastola kihalali, swali mnaloniuliza kila siku ni "bro, ipi ya bei ya kawaida ambayo haijamu", yaani haikwami katikati ya kupiga. Swali siyo baya ila mmeanzia mkiani. Bastola za bei ya kawaida zinazopiga vizuri siku hizi zipo kibao, Mturuki anatoa, Mbrazili anatoa, Mcheki yeye ni mkongwe na CZ 75 yake tangu 1975 huko na bado inatengenezwa. Chuma chenyewe sio tatizo tena. Tatizo ni risasi unazoilisha, unyevu wa hili ziwa, na wewe mwenyewe mwenye mkono.

Mimi natumia Canik TP9SF, 9 mm, ya Mturuki, kiwanda kipo Samsun kule pwani ya Bahari Nyeusi. Kazi yangu ni mabondo ya sangara, vile vibofu vya hewa vya samaki, Mwanza, Sengerema mpaka Geita, na anayeijua biashara ya mabondo anajua kwanini mtu anafikiria silaha, mzigo mdogo hela nyingi na kila mtu mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, anajua leo nani kanunua. Lakini niseme ukweli hapa hapa kabla hujauza pikipiki ukanunue bastola: kama kinachokutisha ni kubeba cash, acha kubeba cash. Benki zipo, wakala yupo kila kona, lipa kwa simu mtu apokee huko huko. Mimi hatari yangu ilipungua zaidi siku nilipoacha kutembea na maburungutu kuliko siku niliyopewa leseni. Bastola kiunoni haimzuii mtu aliyekuvizia toka nyuma, kwanza inampa sababu nyingine ya kukuvamia.

Bado unaitaka? Haya.

Makaratasi yanachukua muda, jipange kisaikolojia. Sheria inayotumika ni ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, umri uwe umefikisha miaka 25, na safari inaanzia chini kabisa, serikali ya mtaa wako, mtendaji wa kata, unapanda kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, mkoa, huko juu makao makuu. Watu wa mtaani kwako wanaulizwa wewe ni mtu wa namna gani, kwa hiyo kama kila wikiendi unagombana bar hapo Kirumba usishangae jina likakwama. Kuna jamaa watakwambia wanaweza kukurushia faili juu juu kwa hela, achana nao, silaha ambayo karatasi zake zina walakini ni jela inayotembea na wewe. Mwaka 2016 lilipita zoezi la uhakiki wa silaha nchi nzima, waliokuwa na karatasi zimenyooka walihakiki wakarudi makwao kulala, wengine walihangaika sana. Piga kopi kila kitu, leseni, risiti, namba ya silaha, weka mahali pengine tofauti na silaha yenyewe.

Sasa kwanini Canik na sio Glock, ile bastola maarufu ya Muaustria. Bei, basi. Ni nafuu kuliko Glock, na kwa matumizi ya mtu kama mimi sijaona cha kunifanya nijutie. Umbo lake limetokana na Walther P99 ya Mjerumani, fremu ya plastiki ngumu, uzito bila risasi haufiki kilo, na ndani ya boksi inakuja na magazini (vile vikasha vya risasi) mbili za risasi 18 na holsta, ala ya kubebea kiunoni, hivyo huanzi kuhangaika kutafuta vitu madukani huku ambako vyenyewe adimu. Triga yake, pale kidole kinapovuta, ni laini na inaachia vizuri, watu wengi wanaisifia kwa hilo na mimi nipo upande wao. Ubaya wake kwa mtu mwembamba ni ukubwa, hii sio bastola ya kufichwa kwenye tisheti ya kubana, utaonekana una uvimbe kiunoni na mwaloni watu wana macho.

Ila triga laini ina upande wa pili na hapa naomba msome taratibu. Hii bastola haina sefti, kile kizuizi cha isilie kwa bahati mbaya, ya kubofya kwa dole gumba kama za zamani. Sefti yake ya nje ipo kwenye triga yenyewe, kile kiulimi cha katikati, maana yake kitu chochote kikiingia pale kikabonyeza, inalia. Kidole, kamba ya jaketi, funguo mfukoni, hata holsta ya ngozi iliyolegea ikajikunja kwa ndani. Kwa hiyo hakuna cha kuchomeka kwenye suruali hivi hivi kama wale wa kwenye muvi. Holsta ngumu, inayofunika triga yote, mkanda wa maana. Na ukiwa unarudisha bastola kwenye holsta hakuna anayekukimbiza, angalia kwa macho, rudisha polepole. Ajali nyingi za kujipiga paja zinatokea hapo.

Kingine kwenye kuifungua kwa ajili ya usafi. Canik, sawa na Glock, lazima uvute triga ndio slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma na mbele, itoke. Umeelewa hatari ilipo? Mtu anatoa magazini anaona kamaliza, anasahau kuna moja imebaki kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kupigwa, anavuta triga, sebule nzima inageuka msiba. Utaratibu ni huu na haubadiliki hata ukiwa umechoka: magazini kwanza, halafu vuta slaidi nyuma ishike, tazama chemba, ingiza kidole uguse, ndio uendelee. Risasi zote zikae chumba kingine wakati unasafisha. Kwa nyuma kuna kialama chekundu cha kuonyesha imekokiwa, yaani iko tayari kupiga, na juu kuna cha kuonyesha chemba ina risasi, vizuri vipo lakini mimi siviamini kuliko macho na kidole changu, na wewe usiviamini. Na mtu akikukabidhi bastola akasema "haina kitu hiyo", ikague mbele yake, hakuna kuoneana aibu.

Tuje kwenye kujamu. Canik ikiwa mpya springi yake ngumu, na ukiilisha risasi nyepesi zisizo na nguvu, zile za greni 115 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) za bei ya chini, inaweza kushindwa kurudisha slaidi vizuri mwanzoni. Wenye nazo wengi wanashauri kuanza na greni 124 mpaka ilainike na mimi nakubaliana nao kabisa. Shida ni kwamba huku kwetu risasi sio nyanya kwamba utachagua sokoni, unanunua kwa kibali, idadi inaandikwa, na unachukua kilichopo dukani. Kwa hiyo ukikuta zenye nguvu ya kawaida ya 9x19 kutoka kiwanda kinachoeleweka, chukua aina hiyo hiyo uzoee nayo.

Na nimesema 9x19, sikusema "tisa mm" tu, kwa sababu hapa wageni wanaingia chaka sana. Kuna 9x17 ambayo wengine wanaiita 380 au short, kuna 9x18 ya Makarov ya Mrusi, halafu kuna 9x19 Parabellum ambayo ndiyo ya Canik, Glock, CZ 75 na nyingi za kisasa. Zote ni za tisa, zote ukiziona kwa mbali ni ndugu, na hazibadilishani. Soma kilichoandikwa ubavuni mwa mtutu, soma boksi, soma kitako cha risasi, vyote vifanane. Muuzaji akikwambia "ingia tu hiyo", toka nje ya duka.

Nusu nyingine ya kujamu ni mkono. Bastola ya aina hii inatumia nguvu ya mlipuko kurudisha slaidi nyuma, itoe ganda, ibebe risasi nyingine. Ukiishika kilegevu kiwiko na kifundo vinakunjika, nguvu inaishia mkononi mwako, slaidi hairudi yote, ganda linabana. Halafu mtu anaanza kuitukana bastola. Mpe mwenye mkono imara hiyo hiyo uone inavyopiga bila tatizo. Shika juu kabisa, mikono miwili, bana. Na ukisikia mlio umetoka hafifu, kama "pufu" tu, usipige nyingine, simama hapo hapo, inawezekana risasi imenasa kwenye mtutu na ya pili itaupasua. Ukivuta triga ikasema "ka" bila kulia, subiri nusu dakika mtutu ukiwa umeelekea kwenye shabaha ndio utoe.

Kuna tabia nyingine ya watu waangalifu inayoleta madhara bila wao kujua. Kila usiku anatoa risasi ya chemba, kila asubuhi anarudisha ile ile. Ikipigwa na slaidi mara kwa mara ile ncha inazama kidogo kidogo ndani ya ganda, na risasi iliyozama ikilipuka presha inapanda kupita kiasi. Ibadilishe nafasi kwenye magazini, na ukiilinganisha na nyingine ukaona imekuwa fupi, iweke pembeni uipeleke kwa wanaohusika, usiipige.

Sasa kutu. Aisee. Ziwa letu halina chumvi kama bahari ya Tanga lakini unyevu upo, na jasho la kiuno lina chumvi yake ya kutosha. Nimeona bastola za watu wa visiwani huko, za bei mbaya kuliko yangu, zina madoa ya kahawia kwenye slaidi utadhani nanga ya mtumbwi. Ukirudi nyumbani ifute kwa kitambaa kikavu halafu chenye oili kidogo. Usiihifadhi ndani ya holsta ya ngozi, ngozi inatunza maji. Vile vipakti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu msitupe, weka kwenye sefu pamoja na risasi. Magazini za Canik ni za chuma na watu wanazisahau, wanafuta slaidi inang'aa huku magazini ndani kuna kutu na vumbi na nyuzi za suruali, na magazini chafu ni chanzo kikubwa cha risasi kutopanda.

Oili ni oili ya bunduki, ukikosa ya cherehani inasogeza siku. Mafuta ya kula hapana, yanaganda yanakuwa gundi. Na kidogo, jamani, kidogo! Mtu wa njia za Geita huko machimboni anamwagia oili kama anaosha injini, lile vumbi jekundu linakuja kukaa humo linageuka msasa. Sehemu ile pini ya kugonga risasi inapopita ndani ya slaidi iache kavu. Risasi pia zisiguswe na mafuta ya kupenyeza yale ya kulegeza nati, yanaingia kwenye kile kitako na unaua baruti. Ukimaliza kusafisha nawa mikono kwa sabuni kabla hujashika ugali, ule weusi una madini ya risasi (lead), na ni sumu.

Mazoezi yafanyie kwenye uwanja wa shabaha unaokubalika, muulize OCD wako utaratibu, na lipia mkufunzi hata kama unajiona komandoo. Nasisitiza hili kwa sababu Mwanza ina mitego miwili ambayo watu wa tambarare hawana. Mawe na maji. Risasi ikigonga mwamba inabadili mwelekeo inaenda isikojulikana au inarudi kwako, na hapa mjini utakuta milima ya mawe kila upande na katikati ya mawe kuna nyumba za watu. Maji nayo hayamezi risasi kama unavyodhani, ikiyagonga kwa pembe ndogo inaruka kama kijiwe wanachorusha watoto ufukweni, na mbele kuna mtumbwi wa mtu anavua dagaa. Zile za hewani za harusi na mwaka mpya sitaki hata kuziongelea, risasi iliyopanda itashuka kwenye bati la mtu, na leseni yako inaondoka.

Nyumbani ni sefu iliyofungwa kwa nati ukutani au sakafuni, ufunguo au namba iwe kwako. Juu ya kabati sio mahali, chini ya godoro sio mahali, watoto wanapajua pote. Ukiwa na safari ya kunywa, bastola ibaki kwenye sefu, hakuna mjadala hapo. Ikipotea ripoti polisi siku hiyo hiyo, usikae unaitafuta kimya kimya kwa aibu, maana ikishatumika mahali namba inarudi kwako.

Used zipo pia na sio mbaya, ila kuuziana kupitie polisi, sio mnaandikishana kwa mwenyekiti kama kiwanja. Ukiikagua angalia ndani ya mtutu kwa mwanga, usiwe na uvimbe wala mashimo ya kutu, angalia midomo ya magazini haijapinda, vuta slaidi uone inarudi yenyewe bila kusukumwa. Namba iliyokwanguliwa, hata kidogo, unaondoka. Na mkeo au ndugu yako mmoja unayemwamini ajue karatasi zipo wapi na ajue kwamba ukifa ile silaha inapelekwa polisi, haigawanywi kwenye kikao cha mirathi pamoja na ng'ombe na nyavu.